Kamba Mbili Zilizofungwa Katikati: Namna ya Kuitambua Theoremu Bora

Chukua kamba mbili zenye urefu sawa. Kunja kila moja uipate kati yake, kisha zifunge pamoja hapohapo katikati. Laza mwanzi chini, urefu wake uwe ule upana wa nyumba unaoutaka, na piga kigingi kila mwisho wa mwanzi. Ncha ya kamba ya kwanza ifunge kwenye kigingi kimoja, ncha ya kamba ya pili kwenye kigingi cha pili. Vuta kamba zote mbili mpaka zikaze, na pale zinapoishia piga vigingi viwili vingine. Sasa una vigingi vinne, navyo ni kona nne za mstatili kamili. Hujashika skwea wala futi kamba.

Njia hii ya kupiga msingi imeandikwa na Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1952 na kufariki mwaka 2014, ambaye aliikuta kwa wajenzi wa vijijini nchini humo. Ukisimama ukingoni mwa uwanda wa Makonde pale Newala, kusini mwa Tanzania, nchi hiyo unaiona kwa macho, ng'ambo ya bonde la Ruvuma. Gerdes alitumia maisha yake kuonyesha kwamba kazi za mikono za watu wa kusini mwa Afrika zina hisabati ndani yake, na kamba hizi ni ushahidi mzuri kuliko maneno mengi. Ndani yake mna theoremu, na theoremu yenyewe ni ya daraja la juu. Ukijua kwa nini ni ya daraja la juu, umepata jicho la kuzipima nyingine zote, zile za kidato cha pili na zile zinazowashinda maprofesa.

Theoremu ni tamko la hisabati lenye masharti, hitimisho na uthibitisho. Ya kamba inasema hivi: umbo lenye pande nne likiwa na mishazari miwili iliyo sawa kwa urefu, na mishazari hiyo ikikatana katikati yake, basi umbo hilo ni mstatili. Mshazari ni mstari utokao kona moja kwenda kona inayoikabili, na hapa mishazari ndiyo kamba zenyewe. Tamko halisemi kwamba nyumba fulani ya Newala ina kona nzuri. Linasema kwamba masharti mawili yakitimia, popote na kwa urefu wowote wa kamba, hitimisho haliepukiki.

Hapa ndipo theoremu inapotengana na ugunduzi wa maabara. Mwaka 1963 kijana wa Kitanzania, Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule uliopoa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa Dar es Salaam walichapisha makala kuhusu jambo hilo, na jina la Mpemba likaenea duniani. Hadi leo wanafizikia wanaendelea kubishana: inatokea lini, kwa maji gani, kwa chombo gani. Ubishi huo ni wa haki, kwa sababu dai la maabara husimama kwa vipimo, na vipimo vipya vinaweza kulitikisa. Theoremu ya kamba haingoji kipimo. Ukipima kona zako ukapata nyuzi 88, kosa liko kwenye kamba iliyolegea au fundo lililoteleza. Theoremu yenyewe haijaguswa.

Basi tunaipimaje? Kipimo changu cha kwanza ni kuyaondoa masharti, moja baada ya jingine, na kuangalia kinachoanguka. Acha kamba zisiwe sawa, lakini ziendelee kufungwa katikati. Vuta. Unapata msambamba: pande zinazokabiliana zinalingana, ila kona zimelala, na nyumba yako imeinamia upande. Rudisha usawa wa kamba, lakini sasa sogeza fundo, lisikae kati. Likae theluthi ya kila kamba kutoka kwenye mwanzi. Unapata trapeza, upande wa mwanzi mfupi na upande wa pili mrefu mara mbili yake. Kila sharti likiondoka, jengo linaanguka kwa namna yake. Hiyo ndiyo dalili ya theoremu iliyokatwa vizuri: hakuna sharti linalokaa bure.

Linganisha na tamko hili: katika mstatili ambao urefu wake ni mara mbili ya upana, mishazari ni sawa. Ni kweli kabisa. Lakini ondoa maneno "ambao urefu wake ni mara mbili ya upana" na bado ni kweli. Sharti hilo halibebi mzigo wowote, na anayelisoma atadhani lina kazi. Matamko ya namna hii yamejaa kwenye madaftari na hata kwenye vitabu vya kiada. Msomaji makini anayakataa, si kwa sababu ni ya uongo, bali kwa sababu yanampotosha kuhusu chanzo cha ukweli wake.

Kipimo cha pili kiko kwenye uthibitisho. Uthibitisho unaweza kukulazimisha ukubali bila kukuonyesha chochote, na upo unaokufungua macho. Tuutazame wa kamba kwa karibu. Vipe vigingi majina A, B, C na D kwa kuzunguka, na fundo liwe M. Kamba moja inatoka A hadi C, nyingine B hadi D. Kwa kuwa kamba ni sawa na zimefungwa kati, umbali kutoka M hadi kigingi chochote ni uleule. Kwa hiyo pembetatu MAB ni pembetatu pacha, na pembe zake mbili, ya A na ya B, zinalingana. Kila moja iwe x. Pembetatu MBC nayo ni pacha, na pembe zake za B na C kila moja iwe y. Sasa iangalie pembetatu kubwa ABC. Pembe yake ya A ni x. Pembe yake ya C ni y. Pembe yake ya B imeundwa na x na y zikikaa pamoja. Jumla ya pembe za pembetatu ni nyuzi 180, kwa hiyo x mbili na y mbili ni 180, na x moja na y moja ni 90. Kona ya B ni pembe mraba, na hoja hiyohiyo inazunguka kona zote nne.

Rudi sasa uone masharti yalitumika wapi. Yote mawili yaliingia kwenye sentensi moja, ile inayosema umbali kutoka M hadi kila kigingi ni uleule. Kila kinachofuata kinategemea sentensi hiyo. Ndiyo maana kamba zisipolingana, au fundo lisipokaa kati, hakuna kinachosalia. Uthibitisho umekuambia kwamba ni kweli na umekuonyesha kisababishi. Tena umekupa zawadi usiyoiomba: vigingi vyote vinne viko umbali mmoja kutoka M, maana yake viko juu ya duara moja, na pembe yoyote iliyochorwa ndani ya nusu duara ni pembe mraba. Hiyo ni theoremu ya zamani sana, ambayo Wagiriki waliihusisha na Thales, nawe umeifikia ukipiga msingi wa nyumba.

Uthibitisho mbovu hupenda kujificha nyuma ya wingi wa alama. Mnunuzi wa vinyago anajua kwamba mti mweupe ukipakwa rangi ya viatu hufanana na mpingo, kwa hiyo hugeuza kinyago na kukwangua chini. Msomaji wa hisabati naye akwangue, aulize kila mstari umetoka mstari upi.

Kuna kishawishi ambacho kimewaponza wengi, nacho ni kudhani kwamba mifano mingi ni uthibitisho. Mchanga wa uwandani unafaa sana kwa jaribio hili. Chora duara. Weka nukta mbili kwenye ukingo wake, ziunganishe kwa mstari: duara limegawanyika sehemu 2. Weka nukta tatu, unganisha kila nukta na kila nyingine: sehemu 4. Nukta nne: sehemu 8. Nukta tano, ukihesabu kwa uangalifu: sehemu 16. Kila mtu aliyekaa hapo atasema kwamba nukta sita zitatoa 32. Chora, hakikisha hakuna mistari mitatu inayokatana mahali pamoja, na hesabu. Ni 31. Hesabu tena. Ni 31.

Anayeishia kwenye mshangao amepata nusu tu ya raha. Nusu ya pili ni kujua kwa nini. Mstari mpya unapoingia ndani ya duara huongeza sehemu moja, na unaongeza sehemu moja zaidi kwa kila mstari wa zamani unaoukata. Kwa hiyo idadi ya sehemu ni 1, kwa duara lenyewe kabla halijakatwa, jumlisha idadi ya mistari, jumlisha idadi ya makutano. Nukta tano zina mistari 10 na makutano 5, jumla 16. Nukta sita zina mistari 15. Makutano nayo ni 15, maana kila kutano moja linazaliwa na nukta nne za ukingoni, na kuna njia 15 za kuchagua nukta nne kati ya sita. Moja, 15 na 15 ni 31. Kule kuongezeka maradufu kulikuwa sura ya muda mfupi tu. Theoremu ya kweli ilikuwa chini yake, na ina sharti lake lisiloachika: mistari mitatu isikutane mahali pamoja. Ukizipanga nukta sita kwa nafasi sawasawa, mistari mitatu ya katikati itakutana na utapata 30.

Kipimo cha tatu ni uzao: je, theoremu inazaa matumizi mengine mbali na pale ilipoanzia? Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alisafiri huku kusini, akakaa Masasi na Newala, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1908 alieleza kamba ya mafundo aliyoikuta kwa Wamakonde. Mume anayesafiri anamwachia mkewe kamba yenye mafundo 11. Fundo la kwanza ni leo, siku ya kuondoka. La tano ndilo la kufika. La sita anapumzika huko, la saba anaanza safari ya kurudi. Mke afungue fundo moja kila siku, na la kumi likifika ajue kuna chakula cha kuandaa, kwa kuwa la kumi na moja mume yuko nyumbani. Mafundo ni 11, lakini usiku atakaolala nje ya nyumba yake ni 10. Kwa jumla: vitu vikipangwa mstari mmoja, nafasi zilizo kati yake ni pungufu kwa moja.

Wapo watakaoidharau theoremu hiyo kwa udogo wake. Mimi siidharau hata kidogo. Ndiyo inayokuambia kwamba mstari wa mita 60 wenye mikorosho kila mita 12 unahitaji miche 6, ingawa 60 kugawa kwa 12 ni 5. Ndiyo inayohesabu nguzo za uzio, wakati mtu mzima mwenye akili timamu bado anakosea. Inafika mbali kuliko mwili wake. Sasa tazama nyingine, ya bao. Bao la Kiswahili lina kete 64, na zote zikishaingia ubaoni hazitoki tena. Kwa hiyo ukiwa na idadi witiri ya kete, mwenzako naye ana witiri. Ni kweli, uthibitisho wake ni wa pumzi moja, na haikusaidii kuchagua shimo wala kujilinda. Haizai. Theoremu mbili fupi sawasawa, na moja ina thamani kubwa kuliko nyingine.

Tuingie sasa shambani, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanaposoma theoremu kubwa vibaya. Nafasi inayopendekezwa kwa mikorosho ni mita 12 kwa 12, kwa mraba, ambayo hutoa takriban miti 69 kwa hekta. Lakini mpango wa mraba si njia ya kubana kuliko zote. Miti ya mstari wa pili ikikaa mkabala na kati ya miti ya mstari wa kwanza, kila mitatu ikawa kona za pembetatu sawa, mti na mti bado itaachana mita 12, huku mistari ikikaribiana hadi takriban mita 10.4. Hekta inapata takriban miti 80, ongezeko la kama asilimia 15. Na kuna theoremu inayosema hakuna mpango wowote, hata wa ovyo, unaoweza kuupita huo. Mwanahisabati Lagrange aliithibitisha mwaka 1773 kwa mipango inayojirudia. Kwa mipango yote kazi ilifanywa na Axel Thue wa Norway, aliyetoa hoja yake mwaka 1910, na László Fejes Tóth wa Hungaria katika miaka ya 1940. Jambo ambalo macho huliona mara moja lilichukua zaidi ya karne kulithibitisha.

Mkulima mwenye shamba la mita 60 kwa 60, pungufu kidogo ya eka moja, akisikia habari hizo atang'oa vigingi vyake na kuanza upya. Asubiri. Kwa mraba, akipanda hadi mpakani, anapata mistari 6 ya miti 6, jumla 36. Kwa pembetatu, mistari inayoingia ndani ya mita 60 ni 6, kwa kuwa wa saba ungekuwa mita 62 na ushee. Mistari hiyo inapishana, wa miti 6 kisha wa miti 5, na jumla ni 33. Amepoteza mitatu! Theoremu haijadanganya. Inazungumzia eneo kubwa ambalo mipaka yake haihesabiki, na eka moja ni mipaka karibu tupu. Tena haisemi neno kuhusu kivuli, wala kuhusu njia ya mtu mwenye mashine ya kupulizia salfa dhidi ya ubwiri unga, na mambo hayo pekee yanaweza kumfanya bwana shamba aendelee na mraba hata kwenye hekta mia. Ubora wa theoremu umo pia katika kunyamaza: inasema ilichothibitisha na kuishia hapo. Sifa ya msomaji mzuri ni kuishia nayo hapo.

Nenda sokoni Masasi uone machungwa yaliyopangwa kwa piramidi. Mwaka 1611 Johannes Kepler alisema kwamba hakuna namna ya kupanga mipira sawa ikabana kuliko hiyo. Uthibitisho ulingoja mpaka mwaka 1998, Thomas Hales wa Marekani alipoutoa kwa msaada mkubwa wa kompyuta. Waamuzi 12 walikaa nao miaka kadhaa, wakasema wana uhakika wa asilimia 99. Ulichapishwa mwaka 2005, lakini Hales hakuridhika na ile asilimia moja. Yeye na wenzake waliandika upya kila hatua kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuikagua, wakamaliza mwaka 2014. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa uthibitisho wa kwanza. Hata hivyo nikiulizwa daraja, nitaiweka theoremu yake juu kwa kina na uthibitisho wake chini kwa mwanga. Tunajua sasa kwamba ni kweli, bila shaka yoyote. Kwa nini ni kweli, kwa maneno ambayo binadamu mmoja anaweza kuyashika kichwani kwa pamoja, bado hakuna aliyetuambia. Kazi hiyo iko wazi kwa kijana yeyote wa sekondari ya Ndanda au Chidya mwenye subira.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalotenganisha jicho lililozoea na lisilozoea: kugeuza. Mafundi wa mjini Masasi, kama mafundi wa kila mahali nchini, hutafuta kona kwa tatu, nne, tano. Wanapima sentimita 60 kwenye kamba moja, 80 kwenye nyingine, na wanasogeza mpaka umbali kati ya alama mbili uwe mita moja kamili. Ukiuliza kwa nini inafanya kazi, utajibiwa: Pythagoras. Jibu hilo halijakamilika. Theoremu ya Pythagoras inaanza na pembe mraba na kuishia na mraba wa pande. Fundi anafanya safari ya kinyume. Anaanza na urefu wa pande na kuishia na pembe mraba. Euclid, aliyeandika takriban miaka 300 kabla ya Kristo, alilijua hilo vizuri. Katika kitabu chake cha kwanza tamko la 47 ni Pythagoras, na la 48, ambalo ndilo la mwisho kitabuni, ni kinyume chake, likiwa na uthibitisho wake lenyewe. Msingi wa nyumba unategemea la 48.

Kinyume hakiji bure. Kila mraba una mishazari iliyo sawa. Lakini si kila umbo lenye mishazari sawa ni mraba, wala hata mstatili, kama trapeza ilivyotuonyesha. Mwanafunzi aliyekariri Pythagoras bila kujua upande gani unaongoza kwenda upande gani hajaijua, hata kama anapata majibu yote ya zoezi.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Hisabati wa Masasi, Newala na kwingineko, na kwa watunzi wa mitihani. Katika kila karatasi wekeni swali moja lisilo na hesabu: theoremu inayofahamika, sharti moja limeondolewa, na mtahiniwa atakiwe kuchora umbo linaloivunja. Swali hilo mpeni alama nyingi.